Nepi za Jangwani

Ch-ch-ch, ch-ch-ch. Vifungo vilicheza ndani ya kopo tupu la mafuta ya Kimbo, na chumba bado kilikuwa giza. Edith alikuwa na tabia hiyo. Akiamka kabla ya kucha haiti wala halii. Ananyoosha mkono chini ya kitanda, analivuta kopo la mama yake na kulitikisa mpaka aulizwe anataka nini. Jerusha alipapasa kiberiti huku akicheka chini chini. Binti alikuwa na miaka minne tu na tayari alijua kuamrisha.

Hiyo ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1996, mjini Homa Bay. Kila Jumanne Jerusha alienda Migori kuuza nguo za watoto, mitumba aliyoichagua mwenyewe, akaifua, akaipiga pasi na kuishonea vifungo vilivyopotea. Ndiyo maana ya lile kopo. Wateja walijua kwamba nguo ya Jerusha haikosi kifungo. Asubuhi hiyo alivaa gauni lake la kijani lenye mikono ya puto na raba nyeupe, akamwacha Edith kwa mke wa kaka yake Zablon, waliyekaa naye ua mmoja, akabeba furushi kichwani na kushuka stendi.

Kufikia saa nne soko la Migori lilikuwa limechemka. Wanunuzi walikanyagana, redio tatu zilishindana, na harufu ya vitunguu ilipigana na ile ya samaki wakavu. Jerusha alikuwa ameinama akipanga soksi aliposikia sauti nzito juu ya kichwa chake.

"Dada, una nepi?"

"Za mtoto wa miezi mingapi?"

"Zile kubwa kabisa. Nipe kumi na mbili."

Jerusha aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, buti zimejaa vumbi la kijivu, koti la turubai la kahawia lenye mifuko kila mahali, na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi ameisukuma juu ya paji la uso. Kuzunguka macho alikuwa mweusi safi, na kwingine kote alikuwa kijivu kama aliyelala kwenye jivu.

"Una pacha?" Jerusha akauliza.

"Wako sita. Mmoja ana ndevu mpaka hapa."

"Na mama yao yuko wapi, akutume sokoni ukiwa hivyo?"

"Mama yao ni mimi."

Mwenye vitunguu wa kando aliangua kicheko. Jerusha alijikaza asicheke, akashindwa. Ndipo yule kijana alipoeleza kazi yake. Aliitwa Mniko, Mkuria wa upande wa Kehancha. Huko Macalder, pale mgodi wa zamani ulipofungwa, ulibaki uwanja mkubwa wa mawe yaliyosagwa yakawa mchanga. Hakuna nyasi inayoota pale, hakuna mti. Watu waliuita Jangwani. Wazungu waliokuja kupima madini walipoondoka walimwachia Mniko, fundi wao, pikipiki mbili za magurudumu manne zilizokuwa zimekufa injini. Alizifufua. Sasa wageni waliotoka kutazama wanyama wa mbuga ya Ruma walifika kwake jioni, akawaongoza mle mchangani wakaone jua likizama. Tatizo lilikuwa vumbi. Lilikuwa laini kama unga na lilipita kwenye leso ya mkononi kama halijaona kitu. Nepi ya pamba, ikikunjwa pembe tatu na kufungwa kisogoni, ndiyo ililizuia.

"Na wageni wanajua ni nepi?"

"Nawaambia ni shali ya kienyeji."

Alienda na nepi zake kumi na mbili. Wiki iliyofuata alirudi akasema zimekwisha. Zilikuwa hazijaisha, na wote wawili walijua.

*

Basi mambo yakaenda mbio. Mniko alikuja Migori kila Jumanne juu ya moja ya zile pikipiki, fupi, nene, magurudumu yamevimba, ambayo watu wa soko waliibatiza Chura. Ijumaa walizungumza kwa simu. Macalder hakukuwa na simu, kwa hiyo Mniko alikuja hadi kwa Noor, mzee sonara aliyekuwa na duka dogo mkabala na soko, akaketi kando ya simu yake. Saa kumi kamili Jerusha aliingia kwenye kibanda cha simu cha posta ya Homa Bay.

"Nani huyo?" Mniko aliuliza, kana kwamba kulikuwa na mwingine.

"Mama wa nepi."

"Mama wa nepi yupi? Tunao wengi."

"Basi nakata."

"Usikate, Jeru. Niko kwa hiki kiti tangu saa tisa. Noor amefagia miguu yangu mara mbili."

Ilikuwa kwenye simu, wala si uso kwa uso, ndipo Jerusha alipopata nguvu ya kumwambia habari za baba yake Edith. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu aliyeletwa kufundisha muhula mmoja, kijana wa shati jeupe. Alimvalisha pete mbele ya rafiki zake na kumwambia ni dhahabu ya Dubai. Mwezi haujaisha kidole kikawa kijani. Alipomuuliza, mwalimu aliweka mkono juu ya Biblia akaapa, na muhula ulipofungwa alihama bila kusema anakwenda wapi. Zablon ndiye aliyemchukua dada yake na mimba yake, akampa chumba, akavumilia maneno ya watu. Jerusha alikuwa ameweka nadhiri moja tu tangu siku hiyo: Edith hatamwita mtu baba halafu aamke amekwenda.

Mniko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba ameelewa, na kwamba yeye atampa kitu ambacho anaweza kukiuma kwa meno.

Mwezi wa nne, shule zilipofungwa na mke wa Zablon akasafiri, Jerusha alikuja sokoni na Edith. Mniko alimwinua mtoto akamkalisha juu ya Chura. Edith alishika usukani kama dereva wa lori, lakini miguu yake ilining'inia hewani, mbali na vikanyagio. Aliomba apelekwe Jangwani siku hiyo hiyo. Mniko akapiga goti, akampima kwa kiganja kutoka wayo hadi kwenye chuma.

"Bado viganja viwili," alimwambia. "Siku miguu itakapofika hapa, mimi na wewe tutakwenda kuona jua linalala wapi. Nikisema nimesema."

Tangu hapo, kila walipokutana, jambo la kwanza lilikuwa kupimwa. Na Homa Bay, Edith alikataa kuamini kwamba uji hauongezi miguu, akawa anamaliza kikombe.

*

Wageni wanne waliagiza safari ya jioni, Jumanne ya pili ya mwezi wa nane. Hawakutokea. Mniko hakuonekana kusikitika, maana Jerusha alikuwa tayari ameshuka Macalder, amevaa suruali ya kuazima na blauzi ya manjano, nywele amezisuka mistari midogo.

Alimpa pikipiki ya pili na sharti moja.

"Pita nilipopita mimi. Usitoke kwenye alama za magurudumu yangu hata kwa mkono mmoja. Chini kuna mashimo ya wachimbaji wa zamani, na juu yamefunikwa na ganda la mchanga. Asubuhi nimeipima njia yote kwa chuma."

"Na nikitaka kukupita?"

"Utanipita tukioana. Leo fuata."

Alimfunga nepi usoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo kisogoni, akavuta pembe moja ikaning'inia begani kwake. Wakatoka.

Mwanzo Jerusha aliogopa. Pikipiki ilinguruma katikati ya magoti yake na mikono ikatetemeka mpaka mabegani. Halafu mchanga ukafunguka pande zote, wa kijivu, wa njano, mahali pengine mwekundu kama kutu, umepindwa na mvua za zamani ukawa vilima na mabonde, bila ndege, bila mti, bila nyumba. Mbele yake koti la kahawia lilipanda na kushuka. Alama mbili za magurudumu zilikuwa zimechorwa wazi, na alizifuata kama mtoto anayefuata mstari wa daftari. Vumbi lilimjaa masikioni. Alijikuta anacheka peke yake ndani ya nepi.

Walipofika juu ya kilima kikubwa Mniko alizima injini. Kimya kilikuja ghafla. Upande wa magharibi ziwa lilionekana kama bati lililowekwa chini, na jua, jekundu na kubwa, lilikuwa limekaa juu yake. Mchanga wote uligeuka rangi ya chungwa, hata buti za Mniko.

"Vua shali ya kienyeji," alisema.

Jerusha alifungua nepi. Kwenye ile pembe iliyoning'inia palikuwa na fundo dogo gumu. Alilifungua kwa kucha. Pete ilidondoka kiganjani, nyembamba, ya manjano, nzito kuliko ilivyoonekana.

"Miezi mitatu nimechota dhahabu na wachimbaji, kila Jumapili," Mniko akasema. "Noor ameifua. Hakuna mkono mwingine ulioigusa. Ukitaka, iume ujue ni dhahabu."

Jerusha aliiuma kweli, na Mniko akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akawa mzito tena. Alimweleza kwamba mama yake huko Kehancha alikuwa na ng'ombe wa mahari tayari na msichana ameshamchagulia, na yeye amemwomba mama angoje mpaka Krismasi. Krismasi alitaka kuja Homa Bay na wazee wake.

"Kaka yangu atakuuliza wewe ni dereva ama mchimbaji."

"Nitamwambia ni mama wa watoto sita. Wewe unasemaje?"

"Nasema njoo."

Jua lilipozama upepo wa ziwa uligeuka baridi. Mniko alivua koti lake akamvika, akampeleka Migori kwa binamu wa Jerusha, alikokuwa analala, na kumwambia koti atalichukua Jumanne.

*

Ijumaa asubuhi Jerusha alilifua lile koti. Alitaka Mniko alione safi kwa mara ya kwanza tangu alinunue. Alitoa bisibisi, kamba, kipande cha penseli, akalizamisha kwenye beseni, lile lile ambalo mke wa Zablon huoshea omena, dagaa wa ziwani, akalisugua kwa mikono miwili na pete kidoleni, maana alikuwa hajataka kuivua tangu Jumanne.

Mfuko mmoja wa ndani hakuuona. Humo mlikuwa na chupa ndogo ya dawa ya macho, kizibo kimepasuka, na ndani yake mabaki ya zebaki. Mniko alikuwa ameitumia kukusanyia ile dhahabu punje kwa punje, kama wafanyavyo wachimbaji wote, kisha akaisahau. Jerusha alipomwaga maji aliona vitu vidogo vinavyong'aa vikibingirika chini ya beseni. Magamba ya samaki, alifikiri. Mtu wa Homa Bay angefikiri nini kingine? Alikusanya baadhi kwa kidole akavitupa.

Mchana, akiwa anajiandaa kwenda posta kupiga simu, alitazama mkono wake. Pete ilikuwa nyeupe. Si yote mwanzoni. Madoa madoa, kisha yakashikana, mpaka ikawa rangi ya kijiko. Aliisugua kwa jivu. Aliisugua kwa ndimu, kwa dawa ya meno, kwa upindo wa gauni. Ilizidi kung'aa weupe.

Zablon alimkuta ameketi kizingitini. Hakuhitaji kuelezwa. Alichukua mkono wa dada yake, akautazama, akaurudisha mapajani mwake polepole.

"Ya kwanza ilikuwa kijani," alisema. "Hii ni nyeupe. Sasa nangoja ya tatu nione itakuwa rangi gani."

Hakuwa mtu mbaya, Zablon. Alikuwa karani wa kupima samaki ufukweni, na miaka minne iliyopita ndiye aliyembeba dada yake mgongoni kwenda kujifungua kwa sababu mvua ilikuwa imefunga barabara. Aliogopa kwa niaba yake, na hofu hiyo ilimfanya mkali.

Saa kumi ilifika. Simu ya Noor haikulia. Jerusha alikuwa amesimama nje ya kibanda cha posta, ameshika kipokezi akilini tu, akimsikia tayari Mniko akiapa. Mwalimu aliapa vizuri sana. Hakuweza kusikia kiapo kingine. Akarudi nyumbani, akakunja koti lililokauka, akaandika kwa mwandiko mzuri aliofundishwa kwenye masomo ya jioni:

"Mniko, nimeelewa. Usinipigie wala usije. Asante kwa jioni ile. J."

Alimpa dereva wa basi bahasha na koti, avifikishe kwa Noor. Pete aliitupa kwenye kopo la vifungo. Edith alipouliza kama Jumanne atapimwa miguu, aliambiwa ale chakula.

Mniko aliisoma barua mara tatu dukani kwa Noor.

"Ameelewa nini?" alimuuliza mzee.

Noor hakujua. Jumapili Mniko alivaa suti yake ya kaunda ya buluu, akapaka buti rangi, akapanda basi kwenda Homa Bay. Jerusha hakuwepo. Alikuwa ameenda Kendu Bay kutafuta meza katika soko jingine, mahali ambapo hatakutana na mtu wa Macalder. Zablon alimpokea mgeni mlangoni pa ua, amejaza njia kwa mwili wake.

Mniko alimsalimu kwa heshima, akamwita shemeji. Zablon akamkatiza.

"Jerusha ameolewa Kisumu. Jana."

"Na Edith?"

"Ameenda na mama yake."

Wakati huo, kutoka chumba cha pembeni, ilisikika sauti ndogo: ch-ch-ch. Edith alikuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana. Mniko aliisikia wazi. Lakini hakuwahi kuingia chumba kile, na kwake ilikuwa kelele tu ya nyumba ya watu. Aliaga, akarudi stendi na buti zake zinang'aa.

Krismasi ng'ombe wa mama yake walitoka zizini.

*

Jerusha aliuza Kendu Bay mwaka mzima na zaidi. Hakumsema vibaya mtu yeyote. Jioni alishona vifungo, na mara nyingine vidole vyake viligusa kile kitu baridi ndani ya kopo, akakipita.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Barabara ya Kendu Bay ilikatika mahali pawili, na Januari ya 1998 hakukuwa na njia nyingine ya kupata mkate ila kurudi Migori. Shule zilikuwa hazijafunguliwa, akaenda na Edith, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo, na alikataa kuacha kopo lake nyumbani.

Ilikuwa Jumanne. Mzee Noor alisimama mezani kumtafutia mjukuu shati, akabishana na Jerusha kidogo juu ya rangi, kisha akaliweka shati chini. Alikuwa anatazama kidole gumba cha Edith, ambacho mtoto alikuwa amekivisha ile pete ya koponi.

"Pete yangu inafanya nini hapo?" aliuliza.

"Ni kitu cha kuchezea, mzee," Jerusha alisema bila kuinua uso.

"Cha kuchezea?" Noor alivaa miwani, akaivua pete kidoleni mwa mtoto na kuigeuza kwenye mwanga. "Hii alama ya ndani ni yangu. Nani ameitia zebaki?"

Jerusha aliuliza zebaki ni nini. Mzee alikunja kiganja juu ya pete. Kisha akamwambia afunike meza yake, amfuate.

Nyuma ya duka Noor aliwasimamisha mbali, upande unakotoka upepo, akafunga kitambaa puani, akaiweka pete juu ya makaa kwa koleo. Moshi mwembamba ulipanda ambao karibu usiuone. Alihesabu kwa midomo. Alipoitoa ilikuwa imefifia, chafu. Akaisugua kwa mchanga laini na kipande cha ngozi, akaiosha, akaiweka kiganjani mwa Jerusha.

Ilikuwa ya manjano, kama ilivyokuwa juu ya kilima.

"Zebaki inaila dhahabu na kuigeuza nyeupe," Noor alisema. "Shaba ingetoka motoni nyeusi. Ikirudi ya manjano hivi, jua ni dhahabu kweli. Kila mtoto wa Macalder anajua hilo, mwanangu."

Jerusha aliona beseni. Aliona vile vitu vidogo vikibingirika. Alikaa juu ya kreti ya soda.

"Yuko wapi?" alisema mwishowe.

"Jumanne huja kununua petroli. Lakini ngoja nikuambie..."

Hakungoja. Alikuwa amekwisha kumshika Edith mkono na kuvuka barabara, pete kidoleni, gauni limeshikwa juu ya matope. Noor alibaki na neno lake mdomoni, akatazama makaa.

Mezani Jerusha alichagua nepi kumi na mbili, kubwa, nyeupe, laini kuliko zote. Alizikunja akaziweka kando. Alijifunza moyoni maneno ya kumwambia, akayafuta, akajifunza mengine. Alipaka mafuta midomo. Mwenye vitunguu alimuuliza kama leo kuna sherehe, naye akacheka bila kujibu. Edith aliona kwamba mama yake anaimba, jambo ambalo hakuwa amelisikia siku nyingi, akatulia na kumtazama.

Saa tisa ngurumo ya Chura ilisikika ng'ambo ya soko. Jerusha aligeuka upesi, akainama chini ya meza akijifanya anatafuta kitu.

"Dada, una nepi?"

Mniko hakuwa ameona ni meza ya nani. Sauti ilikuwa ile ile, imechoka kidogo.

"Za mtoto wa miezi mingapi?" Jerusha alisema, akainuka akitabasamu, nepi mikononi.

Mniko alisimama kama aliyegonga ukuta. Alikuwa amekonda. Miwani ya vumbi haikuwa kichwani.

"Jerusha."

"Wageni ni wangapi leo? Yule wa ndevu bado yupo?"

Mniko alitazama nepi, akatazama uso wake, akatazama chini.

"Mvua imeharibu Jangwani. Mashimo yote yamefunguka. Sichukui wageni tena."

"Basi za nini?"

"Ana wiki tatu," alisema. "Mvulana."

Kelele za soko ziliendelea. Mtu alikuwa anatangaza viatu. Jerusha alizishika nepi kwa nguvu, kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mkono wake, akaunyoosha ili aone kidole.

"Iligeuka nyeupe," alisema. "Nilifua koti lako."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mniko alifumba macho.

"Chupa ya dawa ya macho."

"Nilidhani ni magamba."

"Mbona hukuniuliza, Jeru?"

"Sikutaka kukusikia ukiapa."

"Nisingeapa. Ningeitia motoni mbele yako. Ni dakika mbili." Alisema polepole, kama anayepima kila neno kwa chuma. "Nilikuja. Jumapili ile. Kaka yako akaniambia umeolewa Kisumu."

"Kisumu?"

"Nikauliza Edith. Akasema ameenda na wewe."

Jerusha aliweka kiganja mezani kujishikilia. Hakulia. Alimwona Zablon akirudi jioni ile ya Jumapili na mkate mzima, akimkatia kipande kikubwa kuliko cha mke wake, na yeye akishangaa huruma ile inatoka wapi.

Alianza kuivua pete. Mniko alimzuia kwa sauti tu, hakumgusa.

"Iache. Ni yako. Hakuna mkono mwingine ulioigusa."

"Mama yake mtoto ni mzima?"

"Ni mzima. Ni mtu mzuri." Alisema hivyo kwa haki, na hakuna kilichomuuma Jerusha kama haki ile.

Basi akafanya kazi yake. Alizitazama nepi moja moja, akatoa mbili zilizokuwa na uzi uliolegea, akaweka nyingine badala yake, akazifunga kwa gazeti na kamba. Alikataa malipo. Alimwambia azichemshe kwanza kabla ya kumvalisha mtoto, maana ngozi ya wiki tatu ni nyepesi. Mniko alipokea furushi kwa mikono miwili, akaitika kama mwanafunzi.

Walipogeuka, Edith hakuwepo mezani. Chura ilikuwa imeegeshwa mwisho wa safu ya nguo, matope yamekauka kwenye magurudumu, na mtoto alikuwa amepanda peke yake. Alikaa wima, mikono juu ya usukani, nyayo zote mbili zimekanyaga chuma sawasawa. Kopo la vifungo lilikuwa katikati ya mapaja yake. Alimngoja Mniko afike karibu kabisa, amsikie vizuri.

"Miguu yangu sasa inafika," alisema.